Baba wa Kuazima

Mimi ni mfupi. Naanza na hilo kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana nalo, na hapa mjini kwetu Nizao hakuna asiyelijua. Nikifika dukani kwa Chepe, Chepe huinama juu ya kaunta, hunitafuta, halafu husema, "Ah, kumbe kuna mteja." Amekuwa akisema hivyo tangu tukiwa vijana. Mimi humwambia anipe kahawa na afunge mdomo.

Kazi yangu ni matairi. Nina kibanda kando ya barabara, mashine ya upepo, na beseni la maji la kutafutia pancha. Zaidi natengeneza ya pikipiki, maana huku kwetu pikipiki ni nyingi kuliko watu wenye akili. Nyumba yangu, ile ya kijani, iko ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda. Mke wangu Nereida akinigombeza kutoka jikoni, namjibu bila kuacha kazi.

Mwanetu Yeuri ni mdakaji wa besiboli. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago cha chuma usoni, anadaka kila mpira unaomponyoka mpigaji. Mtu wa timu ya pili akijaribu kuiba mbio kwenda kituo cha pili, Yeuri anamrushia mwenzake mpira pale kabla mwizi hajafika. Mkono anao. Hilo walilisema watu wengi kabla yangu, kwa hiyo msidhani ni mdomo wa mzazi.

Kocha wake ni Ambiorix. Huku kila kijana mwenye mkono ana kocha wa namna hiyo. Anamlea uwanjani tangu utotoni, anamnunulia viatu na maziwa, na siku timu ya Marekani ikimsajili kijana, kocha anachukua fungu lake. Ambiorix si mtu mbaya. Ila akili yake haijui kupumzika.

Alhamisi alikuja kibandani mbio mbio, jasho linamtoka, akakaa juu ya tairi la lori.

"Tolentino anakuja Jumamosi," akasema. "Nyumbani kwako."

Tolentino ni msaka vipaji. Alikwisha kumwona Yeuri uwanjani mara kadhaa. Alikwisha kumpima kwa saa yake, tangu mpira unapotua kwenye glavu ya Yeuri hadi unapofika kituo cha pili, na alikwisha kutikisa kichwa, kwa uzuri. Vijana walimwona.

"Amependa mkono," Ambiorix akasema. "Amependa anavyodaka. Kilichobaki ni mwili."

"Mwili si anao?"

"Anataka kuona mwili wa baadaye."

Nilimwelewa. Watu hawa hawamnunui kijana aliyesimama mbele yao, wananunua mwanaume atakayekuwa. Na kwa kuwa huyo hajafika bado, wanakwenda nyumbani kuwatazama wazazi. Mabega ya baba, nyonga za mama, viatu vya kaka mkubwa, vyote vinatazamwa. Ni kama mtu anayenunua ndama, anaomba kwanza aonyeshwe fahali.

Ambiorix alinitazama kuanzia kofia hadi ndara. Haikumchukua muda.

"Usinikasirikie, Baba Yeuri."

"Sema kwanza, nitajua kama nikasirike."

"Mwaka jana nilikuwa na yule kijana wa kijiji cha Don Gregorio, mrushaji. Msaka vipaji akaja nyumbani, akakaribishwa juisi. Baba mtu akatoka chumbani, kadogo, kama wewe hivi. Yule bwana hakuimaliza hata juisi."

"Kwa hiyo nijifiche."

"Si kujificha. Wewe utakuwa hapa unafanya kazi yako. Nyumbani atakaa Crisóstomo."

Hapo nikaweka spana chini.

Crisóstomo ndiye anayetuletea maji ya kunywa kwa gari, yale madumu makubwa. Ni mrefu mpaka anaendesha gari shingo imelala upande. Kabla sijamwoa Nereida, yeye alikuwa amemposa. Alimletea maji ya bure msimu mzima wa kiangazi, na Nereida akayanywa, akaolewa na mimi. Yeye hajasahau. Hata leo akishusha dumu mlangoni anauliza, "Mama wa nyumba hajambo?" kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Kwa nini yeye?" nikauliza.

"Nionyeshe mrefu mwingine asiye na shughuli Jumamosi."

Nereida tulipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza akafuta machozi, akauliza swali moja tu. "Mtoto mwenyewe anataka kwenda?"

Sote tulijua jibu. Yeuri analala na glavu. Walikuja wasaka vipaji wawili kabla ya huyu, wakampita wakachukua wengine, na kila mwaka wanatokea vijana wadogo zaidi wanaorusha zaidi. Akishaingia miaka kumi na saba hakuna atakayesimamisha gari kwa ajili yake. Tolentino alikuwa gari la mwisho.

Basi nikakubali. Sikukubali kwa uzuri, ila nilikubali.

Ijumaa Crisóstomo akaletwa ajifunze nyumba. Alionyeshwa choo kilipo, sukari inapokaa, na kiti changu. Kwenye kiti alikaa kwa haraka kuliko nilivyopenda, akanyoosha miguu mpaka ikafika mlangoni.

"Na wewe nikuiteje?" akamuuliza Nereida. "Mpenzi?"

"Jaribu," Nereida akamwambia, huku anamenya ndizi kwa kisu.

Mtaa mzima uliambiwa. Siku hiyo mtu yeyote asiniite Baba Yeuri, mimi ni fundi tu. Chepe alifurahi kama amepata mjukuu. Alikuja mwenyewe kibandani kuniuliza, "Fundi, wewe una watoto?"

Jumamosi asubuhi Yeuri alivuka barabara kunifuata, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Baba, mi sitaki."

"Hutaki kusajiliwa?"

"Sitaki kumwita yule baba."

"Usimwite kitu. Nyamaza tu. Watadhani una adabu."

Akacheka kidogo, akarudi.

Sasa, Ambiorix alikuwa amepanga kila kitu, isipokuwa hakujua Tolentino anavyofanya kazi. Tolentino haanzi na nyumba. Anaanza na jirani. Anatafuta mtu anayekaa barabarani siku nzima, mwenye macho na mdomo, anamuuliza habari za watu kabla hao watu hawajajua amefika. Na mtaani kwetu mtu wa kukaa barabarani siku nzima ni nani? Gari lake la jipu likaja likasimama kibandani kwangu.

"Nijazie upepo," akasema.

Alikuwa mzee mwenye kofia ya majani na kijiti cha meno mdomoni. Matairi yake hayakuwa na shida yoyote, niliyaona hivyo nikiwa nimesimama. Lakini nikachuchumaa kwenye gurudumu la mbele nikajifanya napima.

"Unawafahamu hao wa nyumba ya kijani?"

"Nawafahamu."

"Ni watu wazuri?"

"Mama ni mzuri. Mtoto ni mzuri."

"Na baba?"

Hapo nikaona tairi linahitaji kutazamwa kwa karibu sana.

"Mrefu," nikasema.

"Nimeuliza kama ni mtu mzuri."

"Mvivu. Tena anajipenda. Akipita kwenye kioo anasalimia. Ila ni mrefu, hilo siwezi kumnyima."

"Mrefu kiasi gani?"

Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumsaidia mwanangu, nikatia chumvi. "Mzee, huyo anainamia kila mlango wa Nizao. Na baba yake alikuwa mrefu kumzidi. Ukoo mzima uko hivyo. Wanalala miguu nje ya kitanda."

Nikasubiri afurahi. Akatoa kijiti mdomoni, akakitazama, akakitupa.

"Basi nimekwisha," akasema.

"Umekwishaje? Si mnataka warefu?"

"Mrushaji, ndiyo. Mdakaji mrefu wa kazi gani?" Akaegemea jipu. Alionekana amechoka. "Nimesajili wadakaji wawili, vijana wazuri, wafupi, wamejaa. Wakapewa chakula cha kambini, wakapanda kama mipapai. Sasa wakichuchumaa magoti yanalia kama bawaba. Wakubwa wameniambia, Tolentino, ukituletea mpapai mwingine, baki nao hukohuko. Mimi natafuta mtu wa chini chini. Nyonga pana, mapaja mafupi. Mtu ambaye kuchuchumaa kwake ni kukaa." Akaniangalia pale chini nilipokuwa. "Kama wewe hivyo."

Nikainama tena juu ya gurudumu.

"Nitakunywa kahawa yao tu, nisiwe mtu wa ajabu," akasema. "Halafu niende zangu." Akavuka barabara.

Nikabaki nimechuchumaa mbele ya gurudumu, na mambo mawili kichwani. Nikinyamaza, mwanangu amepoteza gari la mwisho kwa sababu ya miguu ya Crisóstomo. Nikisema, Tolentino atajua tumemdanganya, na mtu wa kazi yake akikuta uongo mmoja anatafuta kumi, anaanzia kwenye umri wa mtoto. Nikachukua tairi la pikipiki ya mteja wangu Wandy ili mikono iwe na kazi wakati nafikiri. Nikaweka mdomo wa mashine, nikafungulia upepo, nikafikiri. Nilifikiri sana kuliko tairi lilivyoweza kuvumilia. Lilipasuka kwa mshindo uliomtoa Chepe dukani, nami nikajikuta nimesimama. Nikiwa nimeshasimama, nikaona heri niende.

Ndani nilikuta mambo yameshika moto. Crisóstomo amesimama ameegemea fremu ya mlango wa chumba, kifua mbele, na Tolentino amepanda kiti anachora alama ya penseli juu ya kichwa chake. Yeuri amekaa pembeni anatazama viatu vyake. Ambiorix anazungumza bila kuvuta pumzi.

"Na hujawaona baba zake wadogo, mzee. Huyu ndiye mfupi wao. Mtoto atawapita wote, angalia tu viganja."

Kila alivyoongeza urefu, uso wa Tolentino ulizidi kushuka, na kila uso uliposhuka, Ambiorix aliongeza urefu. Nikaona nisipomkatiza, jioni mwanangu atakuwa mnara wa simu.

"Fundi," Ambiorix akasema aliponiona, macho yamemtoka, "subiri nje, kaka."

"Mimi ndiye baba," nikasema.

Ambiorix akacheka peke yake.

"Msamehe mzee. Anakaa juani siku nzima."

Crisóstomo naye alikuwa ameshazama kwenye kazi yake. "Jirani," akaniambia kwa ile sauti ya redio, "leo si siku ya utani. Rudi kwenye matairi yako." Akamwekea Nereida mkono begani. Nereida aliutazama ule mkono mpaka ukaondoka wenyewe.

Tolentino akashuka kwenye kiti polepole. "Nyumba hii ina baba wangapi?"

"Mmoja," Nereida akasema. "Huyo mchafu."

"Na huyu?"

"Huyo analeta maji."

Tolentino akamgeukia Ambiorix. Ambiorix akawa anatazama dari, kana kwamba kuna mtu amembandikia jibu pale. Nikadhani mambo yamekwisha, lakini mzee alikuwa bado.

"Hapana," akasema. "Sasa hivi tu nimetoka kumwambia fundi huyu kwamba natafuta mdakaji mwenye baba mfupi. Kahawa yangu haijapoa, fundi mfupi anaingia kuniambia yeye ndiye baba. Ninyi mnanionaje?"

Kusema kweli, nilipolisikia hivyo, hata mimi nilijishuku.

"Nikuletee kitambulisho," nikasema.

"Vitambulisho." Akatabasamu kwa huzuni. "Rafiki yangu, niliwahi kuonyeshwa cheti cha kijana aliyezaliwa baada ya mama yake kufa. Tena kilikuwa na muhuri."

"Ni yeye," Yeuri akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mgeni aingie. "Baba ni yeye."

"Kijana, ungeambiwa useme ni mimi, ungesema ni mimi." Hakumwambia kwa ubaya. Akavuta kiti changu, akakaa, akachukua kikombe chake. "Chuchumaeni. Ninyi wanaume wawili. Kama mdakaji."

Crisóstomo akanitazama, nami nikamtazama. Tukachuchumaa.

Mimi huko ndiko ninakokaa. Kuanzia asubuhi mpaka jua linazama niko chini, na nikiwa chini ndipo napumzika. Crisóstomo alishuka kwa awamu, kama ngazi inayokunjwa. Visigino vyake vikakataa kugusa sakafu. Akashika meza. Tolentino akanywa kahawa, tena kidogo kidogo, akamsifu Nereida kwa kahawa, akauliza anainunua wapi. Nereida akamweleza kwa kirefu, mpaka na habari za binamu yake wa Baní anayeikaanga.

"Mzee," Crisóstomo akasema, "hii inaendelea mpaka saa ngapi?" Tolentino akanywa funda jingine. Akaanguka pamoja na meza, jagi la juisi na sahani ya salami juu yake.

Alipoinuka anadondosha juisi ya pasheni, aliniambia, "Afadhali maji." Akatoka akaenda zake. Nampa heshima yake kwa hilo.

Mimi nikasubiri Tolentino aseme basi. Hakusema. "Hiyo inaonyesha kwamba yeye si baba," akasema. "Haionyeshi kwamba wewe ndiye. Fundi wa matairi yeyote anachuchumaa. Kijana, njoo ukae karibu naye."

Yeuri akaja akachuchumaa kando yangu. Mzee akatuzunguka. Akapita nyuma, akarudi mbele, akainama, mwishowe akapiga magoti sakafuni kabisa, kofia mkononi, anatutazama miguu kama mtu aliyedondosha sarafu.

"Huu mguu wa kushoto," akasema.

Nikautazama mguu wangu. Kidole gumba kilikuwa kimeelekea dirishani, kana kwamba mguu huo una safari yake peke yake. Nikautazama wa Yeuri. Nao unaelekea dirishani. Mkono wangu wa kulia ulikuwa nyuma, umeshika kisigino. Wake pia. Maisha yangu yote sijawahi kujua kwamba nakaa hivyo.

"Huo mguu!" Ambiorix akaropoka. "Miaka mitatu namkataza huo mguu. Nimemfunga kamba, nimemwekea matofali, haukubali kunyooka. Nilidhani anafanya makusudi." Kisha akatutazama mmoja baada ya mwingine, akagundua anachosema, akanyamaza.

"Usimkataze," Tolentino akasema. "Mguu huo unamfungulia nyonga. Ndio maana anainuka haraka."

Akasimama kwa shida, akicheka, mkono kiunoni. Halafu kicheko kikakatika, akamnyooshea Ambiorix kofia.

"Kwenye urefu umenidanganya. Umri je?"

"Umri ni wa kweli, mzee, nakuapia."

"Wewe usiniapie kitu."

"Umri niulize mimi," Nereida akasema. "Nilishikwa na uchungu dukani kwa Chepe, maji yakamwagika juu ya gunia lake la mchele. Mpaka leo akiniona ananikumbusha mwaka na mwezi, kwa hasira. Nenda kamuulize. Habari za umri hakuna aliyemwambia aseme nini."

Tolentino akaenda kweli. Tulimwona kupitia dirishani, Chepe ananyoosha mikono, anaonyesha ukubwa wa gunia, anahesabu kwa vidole, analalamika upya kana kwamba ni jana. Sijawahi kumpenda Chepe kama nilivyompenda dakika ile.

Mzee aliporudi alikuwa na kijiti kipya mdomoni. "Nitakupeleka kambini kwanza," akamwambia Yeuri. "Watakupima mkono, macho, damu, na umri wako watauchunguza watu wabaya kuliko mimi. Ukipita, nitaleta kalamu. Jumatatu uwe tayari." Yeuri akasema ndiyo, kisha akasema tena ndiyo, kisha akaenda jikoni akajifanya anakunywa maji.

"Na wewe," Tolentino akaniambia. "Mlangoni."

Sikuwahi kupimwa na mtu anayetarajia mazuri. Kwenye picha zote nimesimama kwa vidole. Siku ya harusi nilisimama juu ya tofali, na gauni la Nereida likalifunika. Sasa nikaegemea ile fremu, alama ya Crisóstomo iko huko juu karibu na dari, na mzee akakaribia na penseli. Hakuhitaji kiti.

Nikafikiria mipapai. Nikaacha magoti yapinde, kidogo tu, ndani ya suruali.

Penseli ilinigusa kichwani, ikasimama.

"Fundi."

"Naam."

"Nyoosha magoti."

"Yamenyooka, mzee."

"Nyoosha."

Nikanyoosha. Nikasikia Nereida ameanza tena kucheka, na safari hii na Ambiorix anacheka, yule mshenzi. Penseli ikapanda kiasi, ikachora.

Tolentino akarudi nyuma hatua moja, akaitazama alama, akanitazama mimi.

"Usiwe na wasiwasi," akasema. "Hata ukinyooka, unatosha."